Pikapu mpya ya Kichina au Hilux iliyotumika? Jibu kwa mfanyabiashara wa Kasulu

Swali: Shikamoo fundi. Niko Kasulu. Nanunua maharage na mahindi vijijini, Heru Juu na Rusesa, nashusha Kigoma mjini. Nikirudi napakia dagaa wa Kibirizi, na mara nyingine chumvi ya Uvinza. Miaka yote nimekodi gari, sasa nimejikusanya nataka langu. Fedha niliyonayo inanipa Hilux dabo kebini iliyotumika, ya miaka mingi kidogo, au pikapu mpya kabisa ya Kichina yenye waranti. Mume wangu na wenzangu wa sokoni wanasema Mchina ni wa mwaka mmoja, baada ya hapo nitafugia kuku. Mdogo wangu aliyeko Dar anasema hayo ni mawazo ya zamani. Nimsikilize nani?

Marahaba, mama. Hongera kwa kujikusanya, maana najua biashara ya gari la kukodi inavyokula faida ya mtu.

Nianze na jibu lenyewe. Kwa kazi uliyoieleza, ukiwa na gari moja tu na makazi yako Kasulu, nakuelekeza kwenye Hilux au Isuzu D-Max iliyotumika yenye historia inayojulikana, isipokuwa kama muuzaji wa pikapu ya Kichina atakujibu vizuri maswali nitakayokupa huko chini. Lakini sababu yangu siyo ile ya mumeo. Pikapu za Kichina za leo ni nzuri kuliko jina zilizonalo. Kinachonifanya nisite ni spea, na umbali wa kutoka zilipo mpaka uliko wewe.

Mumeo hakuzusha, tumtendee haki. Pikapu za Kichina zilizosambaa duniani miaka ya 2000 zilikuwa dhaifu kweli. ANCAP, shirika linalopima usalama wa magari Australia na New Zealand kwa kuyagongesha, liliipa Great Wall V240 nyota 2 kati ya 5 mwaka 2009. Mwaka 2012, Australia hiyohiyo, magari zaidi ya 23,000 ya Great Wall na Chery yaliitwa yarudi kwa sababu gasketi za injini na za ekzosi zilikutwa na asbesto, kitu kilichopigwa marufuku kule. Sisi tuliofungua magari ya kipindi kile tunakumbuka bati jepesi, rangi iliyopauka mapema, plastiki zilizopasuka kwa jua na swichi za vioo zilizokufa moja baada ya nyingine. Mara nyingi injini ndiyo ilikuwa ya mwisho kufa. Zile Great Wall za petroli zilitumia injini za Mitsubishi, na zilikuwa zinanguruma vizuri huku milango haifungi.

Sababu yake haisemwi sana, na inafaa uijue. Huko China kwenyewe pikapu ilihesabiwa kama lori. Miji mingi iliizuia kuingia katikati, na sheria iliitaka itupwe ikifikisha miaka 15. Kwa hiyo mnunuzi wake alikuwa mkulima na fundi ujenzi wa pembezoni, mtu anayetafuta bei ya chini kuliko zote, na kiwanda kilitengeneza kulingana na mfuko wake. Mwaka 2016 serikali yao ilianza kulegeza masharti hayo kwa majaribio katika majimbo manne, Hebei, Liaoning, Henan na Yunnan, na mengine yakafuata. Pikapu ikaanza kununuliwa kama gari la familia. Wakati huohuo viwanda vikalenga Australia, Afrika Kusini na Amerika ya Kusini, ambako mnunuzi anaiweka pembeni ya Hilux na Ford Ranger halafu anachagua. LDV T60, pikapu ya kampuni ya SAIC ya China, ilipata nyota 5 za ANCAP mwaka 2017. Great Wall ya toleo jipya, inayoitwa Cannon au P-Series kutegemea nchi, ilipata nyota 5 mwaka 2021. Ni kampuni ileile ya nyota 2.

Ndiyo maana mtu akikwambia "Mchina hadumu", muulize wa mwaka gani na toleo gani. Pikapu ya 2008 na ya 2022 hazilingani hata zikiwa na nembo moja.

Sasa tuitazame na hiyo Hilux. Ilianzia Japani mwaka 1968, lakini kuanzia 2004 Toyota ilihamishia kazi ya kuiunda Thailand, Afrika Kusini na Argentina. Wajapani wenyewe hawakuuziwa Hilux mpya nchini mwao kati ya 2004 na 2017, na iliporudi ilikuwa inaagizwa kutoka Thailand. Kwa hiyo dalali wa Kigoma akikuonyesha Hilux Vigo, toleo lililoanza 2004, akaapa kwamba ni "Japani ya Japani", jua hajui anachouza. D-Max nayo kwa sehemu kubwa hutengenezwa Thailand. Ford Ranger inatengenezwa Silverton, Pretoria, na kiwanda hichohicho kinatoa Volkswagen Amarok mpya. Mazda BT-50 ya kuanzia 2020 kimsingi ni D-Max iliyobadilishwa sura. Peugeot Landtrek iliundwa pamoja na Changan wa China. Nembo ya mbele haikwambii tena chuma kilifuliwa wapi. Inakwambia nani ameweka jina lake rehani, na hilo lina uzito wake.

Hata Mjapani alidharauliwa. Toyota ilipopeleka Toyopet Crown Marekani mwaka 1957, gari lilichemsha na kukosa nguvu kwenye barabara kuu, na baada ya miaka michache kampuni ikasimamisha kuliuza kule. Mwaka 2008 Toyota hiyohiyo ilimpita General Motors kwa mauzo duniani. Hyundai waliingia Marekani mwaka 1986 na Excel, rahisi na yenye kuharibika ovyo, hadi mwaka 1998 wakalazimika kutoa waranti ya miaka 10 ya injini na gia boksi ndipo watu wakaanza kuwaamini. Mchina amepita njia hiyo kwa haraka zaidi kwa sababu alikuwa na walimu ndani ya nyumba yake. Kwa miaka mingi kampuni ya nje iliyotaka kuunda magari China ilipaswa kushirikiana na kampuni ya hapo, bila kuzidi nusu ya hisa. Volkswagen waliingia hivyo Shanghai mwaka 1984. JMC, kampuni ya Kichina, walijifunza kwa kuunganisha malori ya Isuzu, na Dongfeng Rich ni mtoto wa pikapu ya Nissan D22. Geely alimnunua Volvo mwaka 2010. China imeongoza dunia kwa idadi ya magari yanayotengenezwa tangu 2009, na mwaka 2023 ilimpita Japani kwa magari yanayouzwa nje. Mdogo wako ana hoja.

Tena wewe mwenyewe umeshampa Mchina roho yako. Ukienda Dar unapanda Yutong, Zhongtong au Higer, usiku kucha, mtoto mapajani. Mchanga na kokoto vinaletwa na Howo. Kibaha malori ya FAW yanaunganishwa hapahapa nchini. Wenye mabasi waliokuwa wanaapa kwa Scania walihama mmoja mmoja baada ya kupiga hesabu, na mafundi wakawafuata. Lakini hapa lazima uangalie vizuri: Howo na Yutong hazikupata spea kwa kuwa ni bora kuliko nyingine. Zilipata kwa kuwa ni nyingi. Mwenye duka Kariakoo anaagiza kitu anachojua kitaulizwa kila siku. Pikapu za Kichina ziko za aina nyingi, kila aina imeingia kidogo, na hilo ndilo linalozitesa.

Nikueleze linavyotesa, maana hapa ndipo fedha yako itakapopona au kupotea.

Gari lina vipuri vya namna mbili. Kuna vile ambavyo fundi mwenye akili atavipata hata kama jina la gari halijulikani. Beringi ina namba imechongwa ubavuni, unainunua kwa namba hiyo. Oil sili ina vipimo vitatu vimeandikwa juu yake: kipenyo cha ndani, cha nje na unene. Belti ina urefu wake. Nozeli za injini nyingi za kisasa za dizeli ni za Bosch, na Bosch huandika namba yake kwenye mwili wa nozeli, inayoanza na 0445. Ukiwa na namba hiyo hutaji Great Wall wala Foton. Unaitaja kwa muuza nozeli naye anajua. Foton Tunland zenye injini ya Cummins ya 2.8 zina nafuu zaidi, kwa sababu Cummins ana watu wake nchi nyingi na injini ileile imefungwa kwenye magari mengine.

Halafu kuna vile ambavyo ni kiwanda hicho tu kinavyo. Taa ya mbele. Kioo cha mbele. Bampa na vishikizo vyake. Radieta yenye umbo la peke yake. Sensa ya pedeli ya mafuta, kontroli boksi (kompyuta ya gari), mkanda wa waya za dashibodi. Hivi ndivyo vinavyoegesha pikapu ya Kichina chini ya mwembe, wala siyo injini. Mbuzi anakatiza Makere jioni, taa moja na radieta vinakwenda. Kwa Hilux utatuma mtu maduka ya Mwanga, Kigoma mjini, akikosa atapiga simu Kariakoo na kifurushi kitakuja na basi. Kwa pikapu ambayo Kasulu nzima ziko mbili, radieta hiyo inaweza kuagizwa China, na wewe msimu wa maharage unakuishia ukiwa umerudi kukodi.

Sensa ni jambo la namna hiyo pia. Fundi wa kijiweni anaweza kukukwangulia klachi na kukubadilishia bushi, lakini taa ya injini ikiwaka anahitaji mashine ya kusoma hitilafu inayolijua gari hilo. Mashine za kawaida zinasoma namba za hitilafu za jumla tu. Kwenye pikapu nyingi za Kichina hazifiki ndani, kwenye breki na mifuko ya hewa. Muulize fundi wako wa Kasulu kabla hujanunua, usimuulize baada.

Kwa hiyo nakupa kazi ya kufanya. Mwombe muuzaji namba ya chasisi ya gari analotaka kukuuzia. Andika kwenye karatasi: filta ya dizeli, klachi pleti, nozeli, radieta, taa ya mbele kulia, kioo cha mbele, beringi ya gurudumu la mbele, shokapu, sensa ya pedeli ya mafuta. Piga simu maduka ya spea ya Kariakoo, matatu au manne, yasiyohusiana na muuzaji, uulize kila kimoja: kipo leo? bei gani? Kisha umuulize muuzaji mwenyewe maswali hayohayo. Akikwambia "vyote vinapatikana, usijali", mwambie akutumie picha ya taa ikiwa rafuni. Muuzaji mwenye mzigo atatuma. Baada ya hapo fanya zoezi hilohilo kwa Hilux ya mwaka unaoutaka, ulinganishe karatasi mbili.

Waranti nayo isikulaze usingizi. Isome. Nyingi zinataka sevisi ifanyike kwenye gereji yao, kwa kilometa walizopanga. Gereji hiyo ikiwa Dar au Mwanza, kila sevisi ni safari, mafuta, dereva na siku za kazi zilizopotea. Uliza kwa maandishi kama wana fundi anayekuja Kigoma, na nani anamlipia nauli. Uliza pia wanasemaje juu ya mzigo, kwa sababu hapa nina wasiwasi na wewe. Pikapu za aina hii hubeba kiasi cha tani moja, na hiyo tani inahesabu na watu walioko ndani. Magunia kumi ya kilo 100 yameshaimaliza kabla dereva hajakaa. Yakiwa ya lumbesa umeshapita mbali. Najua wengi wanaongeza majani ya springi kisha wanapakia mpaka bodi inainamia nyuma. Angalia gari lililofanyiwa hivyo: chasisi inapasuka nyuma ya kebini, pale kebini inapoachana na bodi. Hilux inapasuka hapo, na ya Kichina inapasuka hapo. Tofauti ni kwamba ya Kichina waranti inakufa siku hiyo.

Mafuta. Injini zote mpya za dizeli, za Kichina na za Kijapani, zinasukuma mafuta kwa presha kubwa mno, zaidi ya bar 1,600, kupitia matundu membamba kuliko uwezavyo kuyaona. Hilux za zamani zenye injini zinazoitwa 3L na 5L zilivumilia dizeli ya dumu iliyokaa mlangoni kwa mtu. Hizi hazivumilii. Maji kidogo au uchafu kidogo, nozeli zinakwenda, na nozeli nne ni fedha ya kununulia mzigo mzima wa maharage. Nunua kwenye kituo chenye foleni, ambako mafuta hayalali kwenye tangi. Fungua kikombe cha maji chini ya filta kila wiki, umwage mpaka itoke dizeli tupu. Badilisha filta mapema kuliko kitabu kinavyosema. Vijijini ukikwama ni bora uombe lifti kuliko kujaza dumu usilolijua.

Kuna jambo jingine la moshi. Matoleo mapya yana chujio la masizi kwenye ekzosi, ambalo hujisafisha kwa kuyachoma gari likiwa kwenye mwendo na moto wa kutosha. Gari linaloshinda gia ya kwanza na ya pili kwenye vilima vya Heru Juu, likisimama linanguruma wakati mnapima magunia, chujio lake linaziba. Usidhani ni ugonjwa wa Mchina. Mwaka 2022 Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliihukumu Toyota juu ya mfumo huohuo, kwenye Hilux, Prado na Fortuner zaidi ya 260,000 zilizouzwa kati ya 2015 na 2020. Uliza kama gari lina chujio hilo, na kama linahitaji maji ya urea kwenye tangi la pembeni. Kama toleo lisilo na vitu hivyo lipo, kwa njia zako chukua hilo.

Na chumvi. Ukibeba chumvi ya Uvinza au dagaa wabichi wanaochuruzika, bodi yako italiwa hata ingekuwa ya dhahabu. Tandika mpira mzito, hakikisha matundu ya kutolea maji sakafuni hayajaziba, na siku hiyohiyo piga maji chini ya bodi, hasa pale springi zinapofungwa kwenye chasisi. Kwenye gari lililotumika, lala chini uguse sehemu hiyo kwa bisibisi. Bisibisi ikizama, ondoka.

Maana Hilux nayo ina mitego yake, sitaki ukimbie shimo uingie lingine. Mkoa wetu una magari mengi yaliyotoka kwenye miradi na kambi za wakimbizi, yanauzwa kwa mnada. Mengi yamefanyiwa sevisi kwa wakati na kitabu kipo. Hayo ndiyo ninayoyapenda, ingawa yamepitishwa sana kwenye barabara mbovu. Lakini yaliingia nchini kwa msamaha wa kodi, na yakiuzwa kwa mtu wa kawaida kodi inadaiwa. Vivyo hivyo kwa pikapu za wakandarasi, na sasa reli ya SGR ya Tabora hadi Kigoma iko mikononi mwa wakandarasi wa Kichina, utaletewa nyingi za kuuziwa kwa bei ya kuvutia. Usitoe hela kabla TRA hawajakwambia kwa maandishi kwamba hakuna deni na kadi inaweza kuhamia jina lako. Kilometa za dashibodi usizitegemee, zinarudishwa nyuma kwa dakika chache. Tazama pedeli ya breki, kiti cha dereva na usukani. Gari linalodai kilometa 80,000 huku mpira wa pedeli umekwisha hadi chuma limekudanganya.

Fikiria na siku ya kuuza. Mwanao akiitwa chuo au ukapata ugonjwa, Hilux utaiuza wiki hiyohiyo kwa bei isiyokuumiza. Pikapu ya Kichina sasa hivi inashuka bei haraka, na mnunuzi wake Kasulu utamtafuta. Hali hiyo inabadilika, nami naamini miaka kadhaa ijayo nitakuwa natoa ushauri tofauti, lakini fedha unayo leo na mzigo uko leo.

Ungekuwa na gari la pili la kukushikilia, ningekwambia chukua jipya la Kichina bila wasiwasi mwingi, usubiri spea gari lingine likifanya kazi. Ungekuwa unaishi Dar au Mwanza, vilevile. Kwa hapo ulipo, kubali la Kichina iwapo tu haya yametimia: vipuri ulivyoandika kwenye karatasi vingi vimepatikana nchini nje ya duka la muuzaji, fundi wako wa Kasulu ana mashine inayolisoma, na toleo hilohilo unaliona kwa wengine mkoani. Wasimamishe madereva wake uwaulize wamekwama nini na walisubiri muda gani. Yasipotimia, weka fedha kwenye Hilux au D-Max, na uache akiba ya kutosha kubadilisha klachi, matairi, bushi zote za mbele na mafuta ya kila mahali ndani ya mwezi wa kwanza.

Ukishapiga hizo simu niandikie majibu yake, pamoja na namba ya injini ya kila gari unalofikiria. Mumeo na mdogo wako waketi pamoja wakati unapiga, kila mmoja asikie mwenyewe maduka yanasemaje.